Barua ya wazi: Mjusi wa Tendaguru alipanda meli Lindi, sisi tumebaki gatini

Waheshimiwa wenye dhamana ya usafiri wa majini, bandari na utalii,

Shikamooni. Najua kwa umri wengi wenu mlipaswa kuanza nyie, na wawili watatu huenda niliwafundisha, lakini cheo kina heshima yake, na mwenye shida ndiye anayeamkia.

Naandika kutoka Mikindani kuomba meli ya abiria ya pwani yetu, Dar hadi Mtwara. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichora ubaoni mwambao wa fiyodi: bonde lililochongwa na barafu, bahari ikaingia, kingo zikabaki zimesimama wima. Wanafunzi walinakili, wakafanya mtihani, wakasahau. Mimi mwenyewe bahari niliyoijua ni hii yenye mikoko na ngalawa. Juni ya mwaka jana nikauona mchoro wangu ukiwa umekuwa mlima, nikiwa melini na mume wangu, ambaye hapa nitamwita Mzee kwa sababu ndivyo ninavyomwita nyumbani. Mzee alikuwa kuli bandarini, baadaye akawa mnyapara wa makuli, mpaka mgongo ulipokataa. Binti yetu anafanya kazi Bergen, Norwei. Alidunduliza, akatukatia tiketi ya meli ya pwani: siku 12, kutoka Bergen hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, kisha kurudi.

Sikuandika ili mjue kwamba nimefika Ulaya. Naandika kwa sababu ya neno moja alilolisema Mzee siku ya nne ya safari. Nitalifikia.

Nianze na uzuri, maana nisipousema mtadhani sikuuona. Meli hutoka Bergen usiku. Asubuhi tukaamka katikati ya visiwa, siku hiyohiyo tukaingia fiyodi ya Geiranger, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2005. Maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria ambayo haijawekwa motoni. Kuna maporomoko saba yanashuka bega kwa bega, wenyewe huyaita Dada Saba, na mkabala wake poromoko moja linaloitwa Mposaji. Husimuliwa kwamba aliposa dada wote saba, wote wakamkataa, akaishia kwenye chupa. Mzee akasema huyo hakutuma mshenga. Watu wa Kijerumani waliokaa karibu nasi walitaka kujua tunachekea nini, na mimi Kiingereza changu cha darasani kikashindwa kutafsiri mshenga.

Siku ya nne meli ikavuka mstari wa nyuzi 66 na nusu kaskazini, ule ambao katika ramani zenu mlichora kwa nukta. Wana desturi yao: anayeuvuka mara ya kwanza anamiminiwa barafu mgongoni, ndani ya shati. Mzee, ambaye tangu Bergen alikuwa hajavua makoti mawili, alivuliwa yote mbele za watu. Sitaandika alichokisema kwa Kimakonde. Wakati wa kurudi waligawa kijiko cha mafuta ya ini la samaki. Mzee akanusa, akasema, "Hii si sifa hii? Sisi tunapaka majahazi." Akanywa hata hivyo.

Na jua! Nyie mnaosema "Mtwara kuchele", yaani kumekucha, nendeni Tromsø mwezi wa sita mkaone kuchele yenyewe. Saa sita ya usiku jua lipo, limeinama tu juu ya maji kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza na likichwa. Sasa mahali ambapo halichwi, saa moja ni ipi? Na Magharibi utaiswali lini? Binti alikuwa ameuliza mapema kwa wenye elimu, wakamwambia tufuate ratiba ya Bergen, ambako walau jua linazama. Basi tukawa tunafunga pazia la chumba, tunaswali Isha jua likitupiga mgongoni. Nimeswali maisha yangu yote, lakini sijawahi kuhisi namna ile kwamba wakati ni kitu tulichopewa tu, na mahali pengine kimegawanywa vingine.

Visiwa vya Lofoten navyo siviachi. Samaki anakaushwa nje, kwenye vichanja vikubwa vya miti, kwa upepo peke yake, bila chumvi. Ni ng'onda, waheshimiwa. Ng'onda ileile, ila huku jua ndilo linalofanya kazi na kule ni baridi. Samaki mwenyewe wanamwita torsk. Jina lake la Kiingereza ukilitamka Kiswahili linakuwa "kodi", nami sitaki kuwakumbusha mambo. Huuzwa Italia, na vichwa vyake vilivyokauka hupelekwa Nigeria, watu wakapikia mchuzi. Kichwa cha samaki kinasafiri kutoka karibu na ncha ya dunia hadi Lagos, kinafika, kinaliwa. Ng'onda wa Msimbati kufika Kariakoo ni kuomba konda wa basi afumbe pua.

Sasa lile neno la Mzee.

Ile meli ina bandari 34. Miji mikubwa, Trondheim, Bodø, Tromsø, inakaa saa kadhaa, watalii wanashuka kupiga picha. Lakini nyingi ni bandari ndogo ambazo meli inagusa gati kwa dakika 15, pengine kidogo zaidi, mchana au usiku. Mzee, kwa mazoea ya kazi, alikuwa hakosi hata moja. Sisi wengine tumelala, yeye yuko sitahani na saa yake ya mkononi anahesabu: kamba imefungwa, daraja limeshushwa, watu wameshuka, wamepanda, kamba imefunguliwa. Siku ile ya nne akaja kuniamsha. Amemwona kijana ameshuka na baiskeli. Amemwona bibi wa umri wangu amepanda na mfuko wa soko, hana begi, hana chumba, amekaa kwenye kiti na kusuka sweta mpaka bandari ya pili, akashuka. Akaniambia: "Mama, hii si meli ya watalii. Hii ni daladala. Sisi ndio tumepanda tumevaa kama tunakwenda harusini."

Tukaanza kuangalia kwa jicho hilo. Kule juu kabisa, baada ya Tromsø, meli inashusha mizigo ya maduka kwa vijiji vya wavuvi. Berlevåg, wilaya nzima haifiki watu 1,000, na meli inafunga gati kila siku ikienda na kila siku ikirudi. Hadi miaka ya 1970 hawakuwa na gati inayofaa, abiria walishushwa baharini kwa mashua ndogo kama tunavyoshushwa Kilwa Kisiwani, mpaka walipojenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Ratiba imepangwa kwa akili: bandari mnazozipita usiku mkienda, nyingi mnaziona mchana mkirudi. Mtalii anafurahi, lakini bibi mwenye sweta ndiye aliyetangulia kwenye ile meli.

Melini wana historia yao wameibandika, na kwa kuwa ni mwalimu niliisoma yote. Mwaka 1893 kaskazini ya Norwei ilikuwa kama kusini yetu kabla ya Daraja la Mkapa. Barua kutoka Trondheim hadi Hammerfest ilichukua wiki tatu kiangazi, na kipindi cha baridi hadi miezi mitano. Serikali ikatafuta wa kuendesha meli ya mwaka mzima. Kampuni kubwa zikakataa: giza, mawe, minara ya taa michache, ramani za bahari za kuhesabu kwa vidole. Nahodha mmoja wa visiwani, Richard With, akakubali, kwa sababu alikuwa ameandika kwenye daftari lake, kwa dira na saa, muda wa kukata kila kona. Tarehe 2 Julai 1893 meli yake ya mvuke, Vesteraalen, ikaondoka Trondheim. Baada ya saa 67 ikawa Hammerfest.

Naomba msome sentensi hii polepole: mkataba wa kwanza ulikuwa wa safari moja kwa wiki, na serikali ililipia. Haikuanza kila siku. Haikuanza na meli kumi na moja zinazozunguka leo, saba za kampuni moja na nne za nyingine. Na hata leo, watalii wamejaa hadi paa, serikali bado inatoa mkataba na bado inalipa, kwa sababu Berlevåg haiwezi kuilipia meli, na hakuna aliyesema basi Berlevåg ife. Watalii walikuja baadaye, wakakuta meli inatembea, wakaomba lifti.

Huku kwetu naona tunataka kuanzia mwishoni. Kila nikisikia habari za utalii wa kusini husikia hoteli, wawekezaji, meli za kifahari. Mara mojamoja meli ya wageni hutia nanga Kilwa, wanashuka, wanapiga picha Msikiti Mkuu, wanapanda, wanaondoka. Mtu wa Kilwa Masoko anawapungia mkono. Yeye akitaka kuja kumwona dada yake Mtwara anapanda bodaboda hadi Nangurukuru kusubiri basi linalotoka Dar likiwa limejaa.

Nisimame kidogo Hammerfest, maana pale ndipo nilipokasirika, na hasira ya mwalimu mstaafu haina pa kwenda isipokuwa kwenye barua. Mkabala na mji kuna kisiwa kinaitwa Melkøya. Juu yake kuna mitambo ya kusindika gesi kuwa kimiminika, imefanya kazi tangu 2007, gesi inatoka chini ya bahari kwa bomba la kilomita 143. Mwenye kuiendesha ni Equinor. Nilipolisikia jina nikashika chuma cha sitaha. Ni haohao, wakati ule wakiitwa Statoil, waliopata gesi baharini mbele ya Lindi mwaka 2012. Ni haohao tunaowasikia kila panapotajwa Likong'o, pale Lindi panapopangwa kujengwa mitambo ya gesi. Mitambo mikubwa kuliko yote niliyowahi kuona, na ng'ambo yake, gati ya abiria, dakika za kuhesabika, mama anashuka na mtoto na kigari chake. Hawakuambiwa wasubiri gesi kwanza. Meli ilifika Hammerfest miaka 114 kabla ya mitambo. Na moja ya zile kampuni mbili meli zake zinaendeshwa kwa gesi asilia na betri, ukiwa fiyodini husikii injini. Gesi, waheshimiwa. Ile ya Mnazi Bay iliyofika Dar kwa bomba mwaka 2015, mimi nikaifuata nyuma kwa basi.

Barabara hiyo mnaijua, ingawa najua wengi wenu mnaipita kwa ndege. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar hadi Mtwara. Sisemi haijatusaidia; anayekumbuka pantoni ya Rufiji kabla ya 2003, watu kulala kando ya mto na mbuzi wao, hawezi kuidharau lami. Lakini ni uzi mmoja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, ulikatika Somanga na kwingineko, na mikoa miwili, Lindi na Mtwara, ikabaki inaning'inia. Nilikuwa Dar kwa matibabu ya macho. Waliokuwa na haraka walizunguka Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru hadi Masasi, yaani walizunguka nusu ya nchi ili kufika mahali ambapo bahari inafika kwa usiku mmoja na mchana. Mimi nilikaa Mbagala kwa mdogo wangu mpaka akaanza kuniuliza kama nimeshapata nauli. Kweli, siku ya kimbunga hata meli haitoki. Ila upepo ukitulia bahari haihitaji mkandarasi.

Mikoa hii miwili, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 2.8. Finnmark, ule mkoa wa juu kabisa wenye Hammerfest na Berlevåg na Kirkenes, haufiki laki moja.

Na si kwamba meli haziji. Gati jipya la Mtwara, mita 300, tulilishangilia wote. Korosho zinapanda meli. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapanda meli. Lindi nako, zamani sana, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa Tendaguru. Boheti bin Amrani akasimamia vibarua, wapagazi wakaibeba vichwani siku kadhaa hadi Lindi mjini, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Leo mjusi yule amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13, watu wanakata tiketi kumtazama. Ndiyo maana Mzee, tuliporudi, aliniambia kwamba katika historia yote ya Lindi mwenye bahati ya usafiri alikuwa mjusi, tena alikuwa amekufa.

Najua mtakachojibu, kwa hiyo nisiwachoshe kukitafutia maneno.

Mtasema watu wanaogopa bahari. Wana haki. MV Bukoba 1996, Spice Islander Septemba 2011, Skagit 2012. Uswahilini hakuna mtaa ambao hauna matanga ya moja kati ya hizo. Lakini nilisoma jambo huko likanikaa. Siku tano baada ya Spice Islander, tarehe 15 Septemba 2011, meli ya njia hiyohiyo ya Norwei, Nordlys, iliwaka moto ikikaribia Ålesund. Mabaharia wawili wakafa. Abiria wote wakatolewa wazima, kwa sababu idadi yao ilijulikana, kila mtu na jina lake. Sisi pia kila tulipotoka na kuingia tuligonga kadi mlangoni, ikilia ndipo unapita. Hata Mzee alipotaka kushuka mara moja tu kununua soksi. Hofu ya watu wetu si ya maji. Ni ya kuhesabiwa mia sita mkiwa elfu moja na zaidi.

Mtasema bahari yao imekingwa na visiwa, yetu iko wazi na kusi likivuma hakuna mchezo. Hili nakubali, mwalimu wa Jiografia hawezi kulikana. Sehemu zao nyingi ni maji ya ndani, ingawa kuna mahali wanapaita Stad ambapo nilimtapikia Mzee kwenye koti. Kwetu Juni hadi Agosti kutahitaji meli yenye uzito wake, si boti ya kasi inayoruka kama dagaa. Lakini msimu huohuo wa kusi ndio unaoleta nyangumi wanaopita Mnazi Bay na watoto wao, na hakuna mtalii atakayewaona kwa dirisha la basi.

Mtasema itapata hasara. Itapata. Barabara ya Masasi inapata faida gani? Hospitali? Kama Ziwa Victoria limejengewa MV Mwanza ya kubeba abiria 1,200, basi elimu ya kwamba serikali inaweza kununua meli mnayo tayari, hamhitaji kuipata kwangu.

Ninachoomba ni kidogo. Meli moja. Safari moja kwa wiki. Dar, Kilindoni kule Mafia, Kilwa Masoko, Lindi, Mtwara, kisha kurudi. Iwe na sitaha ya bei ya basi, na vyumba vichache vya bei ya wenye nazo, walipie sitaha bila kujua. Iwe na chumba cha baridi, ng'onda na pweza wa kina mama wafike Dar wakiwa bado ni samaki. Kilindoni maji yakipwa ni tabu, nendeni siku ya bamvua mkaone kwa macho kabla ya kuchora. Kilwa Masoko mmeshaweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi tangu Septemba 2023, acheni mita chache za gati kwa watu. Mkataba uwe wa miaka inayoeleweka, uandikwe kwamba ratiba haisubiri mheshimiwa yeyote, pamoja na nyie. Mzee anaomba niongeze: dakika za gatini zihesabiwe na zibandikwe ukutani. Amejitolea kuhesabu bila malipo.

Na mkiamua kutuma ujumbe kwenda kujifunza, maana najua lazima kutakuwa na ujumbe, asiende mtu wa kukaa hotelini Oslo na kurudi na kabrasha. Apande Bergen, akeshe, ashuke Berlevåg saa nne za usiku jua likiwaka, amtafute bibi mwenye sweta amuulize nauli. Koti la Mzee lipo, nimeshalifua. Aje Mikindani alichukue, ila aje kwa basi.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu
Mikindani, Mtwara